Mifumo ya tarakilishi hukwama kwa sababu waundaji hawana usemi

MAJUMA machache baada ya Oktoba 1, 2024, siku ambayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa hazina ya zamani ya NHIF, neno “mfumo” liligeuka kuwa msamiati wa kila dirisha la hospitali nchini. Mfumo umekwama. Mfumo haukutambui. Rudi kesho, huenda mfumo utakuwa umefunguka. Wagonjwa wa figo na saratani, ambao matibabu yao hayangoji kesho, walijikuta wakitakiwa kulipa pesa taslimu kwa huduma waliyoamini kwamba wamekwisha kuigharimia kwa makato ya mishahara yao.

Mnamo Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bi Nancy Gathungu, iliongeza chumvi kwenye kidonda. Mfumo huo wa Sh104.8 bilioni, ilisema ripoti, ulinunuliwa bila ushindani wa zabuni, na serikali haiumiliki wala haiudhibiti. Wizara ya Afya ilijitetea kwamba pesa hizo hazitolewi kwa mkupuo mmoja, bali zitalipwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 10 kadri mfumo unavyotumika.

Mjadala uliofuata bungeni na vyomboni mwa habari ulihusu pesa: nani amekula, nani atakula. Ni haki ya mlipa ushuru kuuliza hivyo. Hata hivyo, kuna swali jingine ambalo halikusikika sana, nalo lina uzito vilevile. Karani wa hospitali anapogundua siku ya kwanza kwamba ukurasa fulani wa mfumo unamzuia kumsajili mama mjamzito, ni nani mwenye uwezo wa kuubadilisha ukurasa huo siku ya pili? Je, mhandisi aliyeuandika anaweza kuurekebisha mara moja, au ni sharti aandike barua, barua ipande ngazi tano, ijadiliwe na kamati, kisha ishuke ngazi tano ikiwa imechakaa?

Swali hilo ndilo kiini cha mvutano ambao umekuwa ukiendelea katika mashirika ya kuunda programu duniani kwa zaidi ya miongo miwili sasa. Ni mvutano kuhusu mamlaka, wala hauhitaji mtu awe mtaalamu wa tarakilishi ili auelewe.

Zamani programu ziliundwa jinsi jumba linavyojengwa. Mchoro wote ulikamilishwa kwanza, mahitaji yote yakaandikwa katika waraka mnene, sahihi zikatiwa, ndipo mafundi wakaanza kazi. Taabu ni kwamba mwenye jumba humwona fundi akipandisha ukuta na anaweza kupiga kelele mapema iwapo dirisha limewekwa mahali pabaya. Programu haionekani. Mwenyewe huja kuiona baada ya miaka mitatu, tayari mahitaji yake yamebadilika, na pesa zimekwisha.

Februari 2001, wataalamu 17 waliochoshwa na mtindo huo walikutana katika kituo cha michezo ya theluji cha Snowbird, jimboni Utah, Marekani, wakatoa ilani fupi. Walitaka kazi igawanywe vipande vidogo, kila kipande kikamilishwe na kupewa watumiaji wakijaribu baada ya majuma machache, na mabadiliko yapokewe hata yakija kwa kuchelewa. Mtindo huo waliuita ajaili, neno la Kiingereza lenye maana ya wepesi wa kugeuka. Miongoni mwa kanuni 12 zilizoandamana na ilani hiyo, mbili husahauliwa mno: kwamba kazi bora hutoka kwa vikosi vinavyojipanga vyenyewe, na kwamba wakuu wanapaswa kuwapa wafanyakazi mazingira na msaada wanaohitaji kisha wawaamini kwamba wataimaliza kazi.

Makampuni mengi yaliyochukua mtindo huo yalichukua yale yanayoonekana kwa macho. Kuta zikabandikwa karatasi za rangi. Wafanyakazi wakatumwa kozini kutafuta vyeti. Mkutano wa dakika 15 kila asubuhi, watu wakiwa wamesimama, ukawa desturi. Lakini uamuzi kuhusu nini kiundwe, kwa njia gani na kitolewe lini, ukabaki orofa ya juu ulikokuwa. Matokeo yake ni kwamba ule mkutano wa asubuhi, uliokusudiwa wanakikosi wapangiane kazi ya siku, hugeuka baraza la chifu: kila mmoja humwelekea meneja akaeleza alichofanya jana, meneja akaandika, na hakuna anayemwambia mwenzake lolote la maana.

Watafiti wa Norway, wakiwemo Nils Brede Moe, Torgeir Dingsøyr na Tore Dybå, walishuhudia jambo hili walipofuatilia vikosi vya waundaji programu nchini mwao na kuchapisha matokeo yao kati ya 2008 na 2010. Walikuta kikosi ambacho kwa jina kilikuwa huru, ilhali kila mtu alijifungia katika ujuzi wake, akifanya kipande chake peke yake. Mkutano wa kila siku ulimfaa zaidi msimamizi aliyetaka kujua kazi imefika wapi. Uhuru ulitangazwa, lakini hakuna aliyewafundisha wala kuwawezesha kuutumia.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa tofauti kati ya uhuru wa jina na uhuru wa kweli unatoka mahali ambapo mtu hangetarajia: shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ambalo ni taasisi ya amri, vyeo na siri.

Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalifichua aibu kwamba makachero wa taifa lenye utajiri mkubwa vile bado walitegemea makaratasi na mfumo mkongwe wa tarakilishi, na kwamba habari iliyojulikana katika ofisi moja haikufika ofisi nyingine kwa wepesi. Mradi wa kuunda mfumo mpya wa faili za kesi, uliojulikana kwa kifupi kama VCF, ulikuwa umeanza mwaka huohuo. Waraka wa mahitaji ulizidi kurasa 800, ukielekeza hata mpangilio wa kurasa ambazo kachero angeziona kwenye kioo. Wakuu walibadilisha nia mara kwa mara, mwanakandarasi akaendelea kuandika alichoambiwa, na lawama zikarushwa huku na kule. Mwaka wa 2005 mradi ulitupwa. Takriban Dola milioni 170 zilikuwa zimetumika, na shirika halikuwa na mfumo ambao lingeweza kuutumia kote.

Mtu angedhani funzo limeeleweka. Machi 2006, FBI ilianza upya kwa kuipa kampuni ya Lockheed Martin kandarasi ya mfumo mwingine, Sentinel. Safari hii kazi iligawanywa katika awamu nne, nayo ilitarajiwa kukamilika Desemba 2009. Awamu ni neno zuri, lakini kila awamu ilikuwa mradi mkubwa kwa nafsi yake, wenye makaratasi na vikao vyake. Kufikia Agosti 2010, Dola milioni 405 kati ya bajeti ya Dola milioni 451 zilikuwa zimeliwa, na ni awamu mbili tu zilizokuwa zimetolewa. Watathmini wa nje walikadiria kwamba kuendelea kwa mwendo huo kungechukua miaka sita hadi minane zaidi na kugharimu Dola nyingine milioni 350 au zaidi.

Kilichofuata ndicho kinachofanya kisa hiki kistahili kusimuliwa Nairobi. Septemba 2010 shirika lilitangaza kwamba linauchukua mradi mkononi mwake. Wafanyakazi wa wanakandarasi walipunguzwa kutoka takriban 220 hadi 40, na wale wa shirika lenyewe kutoka 30 hadi 12. Msomaji na azingatie hapo: kazi ilikuwa imechelewa, na badala ya kuongeza watu, waliwapunguza. Waliobaki waliwekwa pamoja katika makao makuu jijini Washington. Ule waraka wa mahitaji ulivunjwavunjwa ukawa orodha ya mambo yapatayo 670, kila moja likieleza kwa lugha ya kawaida kile ambacho mtumiaji anataka kukifanya. Kila baada ya majuma mawili kikosi kilichagua kipande cha orodha hiyo, kikakiunda, kikakijaribu, kisha kikawaonyesha wadau mfumo wenyewe ukifanya kazi. Ripoti yenye rangi ya kijani, ambayo kila afisa wa serikali anajua jinsi ya kuipika, haikutosha tena.

Mfumo ulianza kutumika shirikani kote Julai 1, 2012.

Sidai kwamba kila jambo lilikwenda sawia. Tarehe ya kwanza iliyowekwa ilikuwa Septemba 2011, nayo ilipita. Jaribio kubwa lililofanywa Novemba 2011 liliangusha mfumo kwa sababu mitambo iliyonunuliwa zamani haikuweza kubeba mzigo. Wakaguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani hawakuchoka kukumbusha kwamba hesabu za gharama ziliacha nje matumizi ya kuuendesha mfumo baada ya kukamilika. Na walipouliza watumiaji katika ripoti yao ya 2014, wengi walisema mfumo umewasaidia kazini, ingawa idadi si haba walilalamikia sehemu ya kutafutia habari. Hata hivyo, kazi iliyokuwa imetabiriwa kumalizika baada ya miaka sita au minane ilimalizika chini ya miwili.

Ni nini hasa kilichobadilika? Mahitaji kwa jumla yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni umbali kati ya anayejua na anayeamua. Awali mhandisi aliyegundua kwamba agizo halitekelezeki alilazimika kupitia kwa msimamizi wake, msimamizi kwa meneja wa kandarasi, meneja kwa afisa wa serikali, na kila hatua ilikuwa na sababu ya kuogopa kupeleka habari mbaya. Baadaye mwenye mamlaka ya kusema “hili litangulie, lile lingoje” aliketi karibu na kikosi, na kikosi chenyewe kikaamua kitafanyaje kazi na kitaweza kiasi gani kwa majuma mawili. Wakuu walibaki na kazi mbili wanazoziweza: kueleza lengo, na kuondoa vizingiti.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba hizo ni hadithi za Wamarekani wenye pesa za kuchezea. Basi na tuje nyumbani.

Huduma ya M-Pesa, ambayo leo kila mama mboga anaitumia, haikubuniwa kwa ajili ya kazi inayoifanya leo. Ilianza kama mradi mdogo wa Vodafone, ukigharimiwa kwa sehemu na idara ya serikali ya Uingereza ya maendeleo ya kimataifa, DFID, na lengo lake lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ndogo za fedha kulipa mikopo yao kwa simu. Susie Lonie alitumwa Nairobi na mwenzake Nick Hughes wa Vodafone kuusimamia. Majaribio yalianza Oktoba 2005 jijini Nairobi na mjini Thika, pamoja na shirika la mikopo la Faulu, kwa wateja wapatao 500 tu.

Wateja hao walifanya mambo ambayo hayakuwa katika mpango. Walilipa mikopo ya wenzao. Wakawatumia jamaa zao pesa. Wakaweka pesa kwenye simu mjini kisha wakazitoa walikofika, ili wasisafiri na noti mfukoni. Huku nyuma, taasisi ya mikopo ilitatizika kuoanisha malipo hayo na vitabu vyake vya hesabu.

Hebu tafakari kama mradi huo ungeendeshwa kwa zabuni ya serikali yenye waraka wa mahitaji uliotiwa sahihi. Mradi ungehesabiwa kuwa umefeli, au mwanakandarasi angelazimishwa kuwazuia wateja wasitume pesa kwa jamaa. Badala yake, kikosi kidogo kilichokuwa hapa mjini kiliyaona mambo hayo kwa macho yake, kikawa na idhini ya kuyazingatia, na Machi 2007 Safaricom ilizindua huduma iliyojikita katika jambo moja rahisi: kutuma pesa nyumbani. Uamuzi wa kuacha lengo la kwanza haukutoka kwenye waraka. Ulitoka kwa watu waliokuwa karibu na mteja, na wakubwa wao wakakubali kubadilishiwa mpango. Hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Wazo lenyewe la kikosi kujiamulia ni kongwe kuliko tarakilishi za mezani. Mwaka wa 1951, Eric Trist na Ken Bamforth wa taasisi ya Tavistock ya London waliandika kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza. Zamani wachimbaji hao walifanya kazi katika vikundi vidogo vilivyogawana kazi yote, kila mmoja akiweza kushika nafasi ya mwenzake. Mitambo mipya ilipoletwa, wasimamizi waliigawa kazi vipandevipande, zamu moja ikate, nyingine ipakie, nyingine isogeze mitambo. Tija haikupanda kama ilivyotarajiwa, watu wakakosa kufika kazini, na kila zamu ikailaumu iliyoitangulia. Yeyote aliyewahi kukaa katika ofisi ambamo wanaoandika programu, wanaoijaribu na wanaoiendesha ni idara tatu tofauti atazitambua lawama hizo papo hapo.

Naye Melvin Conway aliandika mwaka wa 1968 kwamba shirika lolote huunda mfumo unaofanana na mawasiliano yake lenyewe. Kama idara nne hazizungumzi, mfumo utakuwa na sehemu nne zisizozungumza. Katika nchi ambayo mtu hutakiwa kupeleka nakala ya kitambulisho katika afisi ya serikali ambayo jirani yake wa ukuta mmoja ndiye aliyekitoa, sina haja ya kulifafanua hilo zaidi.

Katika miaka ya karibuni mashirika makubwa yamejaribu kuuandikia uhuru huo kanuni. Mwaka wa 2012 Henrik Kniberg na Anders Ivarsson walieleza jinsi kampuni ya muziki ya Spotify, nchini Uswidi, ilivyopanga wahandisi wake katika vikosi vidogo vyenye uhuru, na vikosi vinavyohusiana vikakusanywa katika kundi kubwa lililoitwa kabila. (Mkenya anayesikia kwamba siri ya ufanisi ni kugawanya wafanyakazi kwa makabila atasamehewa akicheka.) Benki ya ING ya Uholanzi ilifuata mwaka wa 2015 kwa kupanga wafanyakazi wapatao 3,500 wa makao yake makuu katika vikosi takriban 350 na makabila 13. Kila mmoja wao alitakiwa kuomba kazi upya, jambo linaloonyesha kwamba hata uhuru unaweza kuletwa kwa amri kali. Washauri wa kibiashara wakaugeuza mpango wa Spotify kuwa bidhaa ya kuuza, ingawa Kniberg mwenyewe amesisitiza kwamba alikuwa akieleza hali ya wakati mmoja katika kampuni moja, na si ruwaza ya kunakiliwa. Benki au wizara inayobadilisha majina ya idara na kuacha sahihi zote kwa mkurugenzi haijabadilisha kitu.

Kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama; je, kuviachia vikosi vijiamulie si kuandaa vurugu? Kuna hatari ya vikosi viwili kuunda kitu kimoja bila kujuana. Kuna hatari ya kikosi kukimbilia kazi tamu na kuikwepa iliyo muhimu. Aidha, kuna mambo ambayo kikosi hakipaswi kupewa uhuru nayo kamwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiwezi kutafsiriwa na kila kikosi kivyake, hasa pale ambapo data hiyo ni rekodi ya maradhi ya mtu.

Jibu linapatikana katika kisa kingine cha Marekani. Tovuti ya bima ya afya ya serikali, HealthCare.gov, ilifunguliwa Oktoba 1, 2013, miaka kumi na moja kamili kabla ya SHA. Siku hiyo ya kwanza watu sita tu ndio waliofaulu kujisajili. Makampuni 55 yalikuwa yameshiriki katika kazi hiyo, na hakuna hata mtu mmoja aliyeweza kusimama akasema kwamba mfumo mzima ni wake. Haukuwa uhuru wa vikosi. Yalikuwa makundi ya watu wanaotii kila mmoja kandarasi yake, jambo ambalo ni kinyume chake kabisa.

Waliokuja kuuokoa mfumo huo, mmoja wao akiwa Mikey Dickerson aliyetoka Google, hawakuleta mitambo ya ajabu. Waliwakusanya wahandisi wa makampuni mbalimbali katika ukumbi mmoja jimboni Maryland, wakafanya mikutano miwili kila siku, na Dickerson akabandika kanuni ambazo mojawapo ilisema kwamba anayepaswa kuongea ni yule anayelijua zaidi tatizo, wala si yule mwenye cheo cha juu zaidi. Wahandisi waliokuwa wakijua kasoro ziko wapi walikuwa mle ndani tangu mwanzo. Hakuna aliyewauliza. Kufikia mwanzoni mwa Desemba tovuti ilikuwa ikihudumia wengi wa walioitembelea, na msimu wa usajili ulipofungwa mwaka wa 2014 mamilioni ya watu walikuwa wamejiandikisha.

Kwa hivyo uhuru wa kikosi unahitaji mipaka iliyo wazi, na mipaka hiyo ni wajibu wa wakuu kuichora. Lengo ni lipi? Sheria gani haziguswi? Pesa ni kiasi gani? Ni nani mwenye neno la mwisho wadau wanapotofautiana? Kikosi kisichojua majibu ya maswali hayo hakiko huru, kimetelekezwa tu. Vilevile, kinahitaji vyombo vya kuthibitisha kazi yake haraka: majaribio yanayojiendesha, na njia ya kutoa rekebisho dogo leo na kulirudisha nyuma usiku likileta madhara. Uwezo wa kurudisha nyuma ndio unaompa mkuu ujasiri wa kutoa ruhusa. Pale ambapo kila rekebisho ni tukio la hatari linalofanywa mara mbili kwa mwaka, hakuna mkuu mwenye akili timamu atakayeachilia usukani.

Tukirudi hapa kwetu, vizingiti vikubwa zaidi vimo katika karatasi za serikali. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 ilitungwa kuzuia wizi, na si ajabu kwamba inapenda bidhaa iliyoelezwa kikamilifu kabla ya kununuliwa, iwe ni dawati au lori. Afisa wa ununuzi anayekubali kulipia kikosi cha wahandisi kwa miezi sita bila orodha kamili ya watakachokabidhi ana kila sababu ya kuogopa kuitwa mbele ya tume ya kupambana na ufisadi. Mwaka wa fedha nao hufungwa Juni 30, kwa hivyo pesa hutumiwa kwa pupa kabla hazijarudi hazina, na mara nyingi pupa hiyo hununua mitambo, kwa sababu mitambo hufika kwa lori na kuhesabika. Ndivyo ilivyokuwa Machi 4, 2013, vifaa vya kutambua wapigakura vilipozimika katika madarasa yasiyo na umeme. Vifaa vilikuwa vimenunuliwa na kukabidhiwa. Aliyejua kwamba darasa halina umeme hakuwa na kiti mezani.

Si kwamba sheria hiyo haina upenyo. Inaruhusu makubaliano ya jumla na watoa huduma kwa muda wa hadi miaka mitatu, ambayo chini yake kazi inaweza kuagizwa kwa vipande vidogo na kusimamishwa isipoleta tija. Wizara inayotaka kuitumia njia hiyo haihitaji kungoja Bunge litunge sheria mpya. Inahitaji kumteua afisa mmoja mwenye mamlaka ya kweli, aketi na waundaji kila wiki badala ya kupokea ripoti yao kila robo mwaka, na isimwadhibu pindi anaposema mapema kwamba jambo fulani haliwezekani. Inahitaji pia kuwa na wahandisi wake iliowaajiri, kwa maana mnunuzi asiyejua kusoma msimbo hawezi kujua kama anachouziwa ni embe au ni kokwa.

Mkataba wa mfumo wa SHA, kwa masharti yaliyotangazwa, utaendelea kwa miaka 10. Katika muda huo dawa zitabadilika, viwango vya malipo vitabadilika, hospitali zitafunguliwa na kufungwa, na kila badiliko litahitaji mtu aguse programu. Wabunge waliouchunguza mkataba huo wameuliza ni nani analipwa. Wanaweza kuongeza maswali mengine mepesi: karani wa zahanati ya Garissa akiripoti kasoro Jumatatu, inamfikia nani, mtu huyo anahitaji sahihi ngapi kabla ya kuirekebisha, na sahihi hizo ni za serikali au za kampuni.